Mjadala: Kibao cha Cap Anson kule Cooperstown king'olewe, kiachwe, au kiandikwe upya?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta mada ambayo wapenzi wa besiboli Marekani hawajawahi kuimaliza, na mimi nina upande wangu, sitajificha.

Adrian Anson, maarufu kama Cap Anson, aliifundisha timu ya Chicago White Stockings (ndiyo Chicago Cubs ya leo) kuanzia 1879 hadi 1897. Misimu 19 bila kupumzika, na miaka yote hiyo alikuwa pia uwanjani, besi ya kwanza, gongo mkononi. Alipoondoka alikuwa na miaka 45. Kibao chake cha shaba kimetundikwa tangu 1939 kwenye Jumba la Heshima la Besiboli, mjini Cooperstown, jimbo la New York. Kinamsifu kuwa mpigaji bora na kocha mchezaji bora wa Ligi ya Taifa kwa karne ya 19. Kinataja ubingwa mara tano. Hakisemi hata nusu neno kwamba mtu huyuhuyu alikuwa akigoma kuingia uwanjani upande wa pili ukiwa na mchezaji mweusi.

Swali ni hilo la kwenye kichwa cha habari. Ila kabla hamjanimwagia povu, mjueni kwanza mtu mwenyewe.

Alizaliwa Aprili 1852 Marshalltown, Iowa. Mwaka 1871 yuko Rockford, kisha Philadelphia, na ligi ya taifa ilipoanzishwa 1876 akawa Chicago. Alipokabidhiwa ukocha aliifanya timu iogopwe. Walibeba ubingwa 1880, 1881 na 1882, wakarudia 1885 na 1886. Msimu wa 1880 walishinda mechi 67 na kupoteza 17 tu. Enzi hizo timu nyingi zilimtegemea mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) mmoja mpaka mkono unakufa ganzi. Anson akawa na wawili, Larry Corcoran na Fred Goldsmith, anawapokezanisha. Mwaka 1886 aliwapeleka wachezaji Hot Springs, Arkansas, wakatokwe jasho la pombe za majira ya baridi kabla ligi haijaanza. Kambi za mazoezi za leo zinadaiwa sana na safari za namna ile. Alikuwa mkali, mwenye sauti kubwa, anawagombeza waamuzi, anawatoza faini walevi. Alipoondolewa, waandishi wa Chicago waliibatiza timu jina la Orphans, yaani mayatima, maana baba yao kaondoka.

Basi huyo ndiye baba. Sasa twende Toledo.

Agosti 10, 1883. Chicago wameenda Toledo, Ohio, kucheza mechi ya kirafiki. Toledo wana mdakaji anaitwa Moses Fleetwood Walker, kijana mweusi aliyesoma Oberlin na baadaye Chuo Kikuu cha Michigan. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mpira, na zama zile walidaka kwa mikono karibu mitupu. Walker siku hiyo vidole vilikuwa vimeumia, hata hakupangwa kucheza. Angekaa benchi, yangeisha. Lakini Anson aliposikia kuna mweusi kikosini akapiga mkwara: timu yake haiingii uwanjani na mtu huyo.

Kocha wa Toledo, Charlie Morton, akakasirika. Akamwambia Walker avae jezi, akampanga upande wa kulia, mkono wenye jeraha na vyote. Ukigoma, Bwana Anson, basi mgao wako wa pesa za mlangoni usahau. Anson akacheza. Chicago wakashinda 7 kwa 6 katika raundi ya kumi, na Anson akaondoka akiapa kwa matusi kwamba hatacheza tena namna hiyo.

Na kweli. Mwaka uliofuata, kabla ya mechi nyingine ya Toledo, ofisi ya klabu ya Chicago iliandika barua kutaka ahadi kwamba hakuna mchezaji mweusi atakayepangwa. Walker hakucheza. Kisha ikaja mechi ya Chicago kule Newark, New Jersey, Julai 14, 1887. Newark walikuwa na mrushaji mweusi, George Stovey, ambaye msimu ule alishinda michezo zaidi ya 30, na Walker mwenyewe alikuwa amehamia huko. Stovey ndiye aliyetarajiwa kurusha. Ghafla likatangazwa kuwa anaumwa. Mmeelewa.

Siku hiyohiyo, mjini Buffalo, viongozi wa International League, ambako Newark walikuwa wanacheza, walipiga kura kwamba mikataba mipya ya wachezaji weusi isiidhinishwe tena. Kura 6 kwa 4. Walker alibaki akimalizia muda wake hadi 1889 akiwa Syracuse. Baada yake ligi ile haikuona mweusi mpaka Jackie Robinson alipotua Montreal mwaka 1946.

Msimamo wangu: kibao kisiondolewe. Kiandikwe upya. Sababu yangu ni moja, na haihusiani na huruma. Ukimng'oa Anson unawapa wale wengine wote pa kujificha. Hao sita waliopiga kura Buffalo nani anawajua majina? Wamiliki wa timu za ligi kuu waliokubaliana kimyakimya, bila kuandika popote, miaka zaidi ya 60, nani anawataja? Lawama zote zimepakiwa kwenye mgongo wa Anson kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na jina kubwa. Kibao kikisema wazi alichofanya, na alifanya pamoja na nani, mgeni anayepita pale anajifunza kitu. Kikiondoka anaona ukuta.

Naomba kuwasilisha.

Mpita Njia

Besiboli? Mkuu, hii inatuhusu nini sisi? Mchezo wenyewe nikiuangalia sijui nani anashambulia nani anakaba 😂

Mleta mada

Mkuu, jirani zako wa Uganda wanaucheza vizuri. Watoto wa Lugazi walienda mwaka 2012 kwenye fainali za dunia za vijana kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika. Ila hata wasingekwenda, mada ni nani aandikwe ukutani na aandikweje.

Mzee wa Takwimu

Mwanangu, umeandika kwa moyo lakini umeanzia katikati ya hadithi. Ubaguzi kwenye besiboli haukuanza na Anson. Desemba 1867 chama cha wachezaji wa ridhaa kilikataa klabu yoyote yenye mwanachama mweusi. Anson alikuwa na miaka 15, yuko kwao Iowa. Unamtwika mtoto wa shule mzigo wa wazee?

Halafu mwangalie Walker huyohuyo. Toledo walipopanda daraja 1884 akawa kwenye ligi kuu, akacheza mechi 42, akapiga .263 (mapigo kama 263 kwa kila majaribio 1,000), si haba kwa mdakaji mwenye mikono iliyopasuka. Mrushaji wake mwenyewe, Tony Mullane, alikiri miaka mingi baadaye kwamba alikuwa hafuati ishara za Walker kwa sababu hakupenda kupokea maelekezo ya mweusi, anarusha anavyotaka, na Walker anadaka gizani. Huyo alikuwa mwenzake, jezi moja! Ikaja barua kutoka Richmond, Virginia, kwamba watu 75 wamekula kiapo kumvamia akionekana uwanjani. Anson aliandika barua hiyo?

Septemba 1887 wachezaji wanane wa St. Louis Browns walimwandikia mwenye timu, Chris von der Ahe, kuwa hawatacheza na Cuban Giants, timu ya weusi. Hao hawakuwa watu wa Anson, walikuwa wapinzani wake wakubwa. Huo ndio uliokuwa upepo wa wakati ule, Kaskazini na Kusini.

Kuhusu maandishi, nakubali yana kasoro ila kasoro yenyewe ni ya hesabu. Kibao kinasema alikuwa kinara wa upigaji mara nne, na wanatakwimu wa leo hawampi zote nne. Mapigo yake ya maisha ukihesabu na miaka ya 1871 hadi 1875 unapata 3,435, ukiitoa unashuka mpaka karibu na 3,000, na mwaka 1887 peke yake sheria ilihesabu hata kupewa besi ya bure kama pigo. Turekebishe hesabu, historia tuwaachie wanahistoria.

Dada wa Kisumu

Mzee, heshima yako, lakini hoja ya "upepo wa wakati ule" inanichosha. Upepo ule haukumbeba Charlie Morton? Yeye hakuishi 1883? Hakuwa mzungu? Kocha wa timu ndogo ya Ohio alimwangalia nyota mkubwa kuliko wote nchini machoni na kumwambia cheza au nenda bila pesa. Na zile kura 4 za Buffalo zilizopinga, hao hawakuwa na upepo?

Iowa haikuwahi kuwa jimbo la watumwa. Huyu hakulelewa shambani kwa bwana mwenye mijeledi. Alichagua.

Mleta mada naye umemlainisha. Hujasema lolote kuhusu Clarence Duval. Msimu wa baridi wa 1888 kuamkia 1889 Chicago walizunguka dunia na mmiliki wao, Albert Spalding: Australia, Ceylon, Misri mpaka kwenye mapiramidi, Italia, Ufaransa, Uingereza. Walikwenda na kijana mweusi, Duval, wa kuwachezea ngoma na kuwaletea bahati, kama mtu anavyobeba kikaragosi. Anson aliandika kumbukumbu za maisha yake, zikatoka 1900, na jinsi anavyomzungumzia kijana yule siwezi kunukuu hapa. Miaka zaidi ya kumi imepita, ametulia mezani na kalamu, hakuna mashabiki wanaomzomea, na bado anaandika vile akijua anachekesha. Hapo hutaniambia alikuwa anafuata mkumbo.

Jumba lile ni la heshima. Wewe unataka kuongeza mistari miwili ya aibu kwenye kibao cha heshima, halafu watalii wapige picha nacho? King'olewe. Kipelekwe upande wa makumbusho, kwenye chumba cha ubaguzi, kikae na maelezo yake. Hakuna atakayesahau.

Kocha Mstaafu

Nimefundisha vijana (soka, si besiboli) na mimi nimekwama pale Toledo. Kwa sababu ile mechi inaonyesha kitu ambacho kocha yeyote anakijua: mkwara unafanya kazi mpaka siku mtu mmoja atakapoujibu. Anson hakuwa na sheria mkononi 1883. Alikuwa na mdomo. Morton alipogusa mfuko wake, mdomo ukafunga.

Na tazama mwisho wake. Baada ya Chicago alipita New York Giants kwa wiki chache 1898, akaacha. Akachaguliwa karani wa jiji la Chicago 1905, kipindi kimoja tu. Ukumbi wake wa biliadi ukamshinda, akafilisika, akaishia kupanda jukwaani kwenye maonyesho ya vichekesho apate mkate. Ligi ilitaka kumpa pensheni, akakataa. Alikuwa na kiburi huyo mzee, alikufa nacho 1922. Lakini alipokuwa na timu yake ya mjini, Anson's Colts, alicheza dhidi ya Leland Giants, timu ya weusi wa Chicago! Kwa nini? Viwanja vilijaa. Pesa za mlangoni kwa mara nyingine.

Kwa hiyo mimi simwoni kama mtu wa imani kali. Namwona mtu aliyebagua pale ambapo kubagua hakukumgharimu chochote. Sijui kama hiyo ni afadhali au ni mbaya zaidi.

Dada wa Kisumu

Ni mbaya zaidi, kocha.

Mzee wa Takwimu

Binti yangu, tukianza kung'oa hatutajua pa kuishia. Mle ndani kuna walevi, wagomvi, wapigaji wake zao, na wabaguzi wengine tele. Ukuta utabaki na misumari.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Ule mwaka 1867 ni hoja nzito na ndiyo inayonipa nguvu kusema lawama igawanywe. Ila kugawanya si kufuta. Mwandishi na mchezaji mweusi Sol White, aliyecheza miaka hiyohiyo, aliandika 1907 kwamba Anson alitumia kila uwezo aliokuwa nao kuwafungia nje. Huyo alikuwepo. Ninaweza kusema White alimpa Anson nguvu kuliko alizokuwa nazo, kwa sababu kura ya Buffalo ilikuwa mikononi mwa wenye ligi na Anson hakuwa hata kwenye ligi ile. Siwezi kusema White aliota.

Na ile barua ya Chicago ya 1884 irudieni tena. Uongozi ulisema wenyewe hawana neno, ni wachezaji ndio hawataki. Angalia ujanja! Mwenye timu ananawa mikono, Anson anakuwa sura ya ukatili, na biashara inaendelea. Spalding yumo kwenye jumba lilelile, tangu 1939 hiyohiyo, na sijawahi kusikia mtu akidai kibao chake king'olewe. Dada, ukimng'oa Anson ukamwacha Spalding utakuwa umemfanyia Spalding kazi yake.

Nakuja kwenye lile la kuandika upya, maana kuna watu wananiambia faraghani kwamba haiwezekani, shaba ni shaba. Si kweli. Jackie Robinson alipoingizwa 1962 kibao chake kilizungumzia takwimu tu, jinsi alivyopiga na alivyoiba besi. Hakikusema kwamba Aprili 15, 1947 alivunja ukuta wa rangi, yaani aliwarudisha weusi kwenye ligi kuu. Inaelezwa mwenyewe alitaka apimwe kwa mchezo. Mwaka 2008 jumba likakitoa, likaweka kipya kinachosema wazi alichofanya. Kabla ya hapo, mwaka 2000, walibadilisha kibao cha Roberto Clemente kwa sababu tu walikuwa wamepanga majina yake vibaya, la mama mbele ya la baba. Kwa hiyo mafundi wapo, na nia huwa inapatikana wakitaka. Waliweza kurekebisha jina la mtu na kuongeza ushujaa wa mwingine. Kwa Anson ndipo shaba inakuwa ngumu?

Tena ukikisoma kipya cha Robinson unajiuliza: ukuta alioubomoa nani aliujenga? Yeye na Anson wako jengo moja. Upande mmoja wameandika ukuta umevunjwa, upande wa pili hawajaandika umejengwa.

Mchezaji nyota Pete Rose alifungiwa 1989 kwa kamari, akafa 2024 akiwa bado nje ya jumba. Na mwaka 2020 waandishi waliamua kulitoa jina la Kenesaw Mountain Landis, kamishna aliyesimamia miaka mingi ya ubaguzi, kwenye tuzo ya mchezaji bora. Tuzo iliondolewa jina, kibao chake Cooperstown kiko palepale. Mtanielewesha nyinyi hesabu inayotumika.

Mpita Njia

Nimekaa nasoma tu. Sasa huyo Walker mwenyewe yuko humo jumbani au?

Mleta mada

Hayumo.

Mpita Njia

Ebo! Yaani mnagombania kibao cha aliyemfukuza na aliyefukuzwa hana hata kijibao?

Mzee wa Takwimu

Mechi 42 za ligi kuu hazitoshi, mwanangu. Kanuni inataka mchezaji awe na misimu kumi.

Dada wa Kisumu

Mzee, hakufika misimu kumi kwa sababu gani? Hebu jijibu mwenyewe.

Na isitoshe njia ipo. Frank Grant aliyekuwa Buffalo, mmoja wa wachezaji bora weusi wa karne ile, aliingizwa 2006. Huyo Sol White pia mwaka huohuo. Bud Fowler, mchezaji mweusi aliyekulia hapohapo Cooperstown, akaingizwa 2022. Hakuna hata mmoja wao aliyecheza mechi moja ya ligi kuu ya miaka ile. Walihesabiwa kama watangulizi. Walker naye ni mtangulizi, tena aliandika kitabu 1908 akisema mtu mweusi hana tena matumaini Marekani na arudi Afrika. Mtu aliyesoma, aliyecheza kwenye ligi kubwa, kafikishwa pale.

Mleta mada, mimi nakuja nusu njia kwako. Kibao cha Anson andikeni mnavyotaka. Ila kisiguswe mpaka cha Walker kiwe kimeshatundikwa.

Mleta mada

Hapo tutagombana, dada. Kumsubiri Walker aingizwe na kamati kunaweza kuchukua miaka, na kibao cha Anson kitakuwa bado kinadanganya. Vyote viende pamoja, na kinachotangulia kitangulie.

Kocha Mstaafu

Mimi namuunga mkono dada. Morton naye alianza kwa kumpanga Walker.